Mizani imegoma kwenye kilo 92: kisa cha mama wa Moshi anayechoma semaglutaidi

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu wanaotumia sindano za kupunguza uzito, na namba zake zimepangwa ili msomaji aweze kufuata hesabu. Hakuna mgonjwa mmoja anayeelezwa hapa. Taarifa za dawa na za majaribio yake ni za kweli.

Mhusika ni mama wa miaka 47, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo mjini Moshi, mkazi wa Majengo. Urefu wake ni sentimita 162. Alianza matibabu akiwa na kilo 104, kiuno sentimita 112, presha anayoitibu kwa amlodipini miligramu 10 kila siku, na kipimo cha HbA1c, yaani wastani wa sukari ya damu wa miezi mitatu hivi, cha asilimia 6.1: kisukari hana ila yuko mlangoni. Aliandikiwa semaglutaidi ya peni, ile ya kuchoma mara moja kwa wiki: miligramu 0.25 kwa wiki 4, 0.5 kwa wiki 4, kisha miligramu 1 kuanzia wiki ya 9.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Wiki ya 8 alikuwa na kilo 101.6, wiki ya 20 kilo 95.6, wiki ya 27 kilo 93.6, wiki ya 36 kilo 92.5. Hapo mizani ikagoma. Wiki ya 46, alipokuja kliniki, ilisoma 92.8. Alikuja na ombi moja tu: aongezewe dozi, kwa sababu mwili umeshaizoea dawa. Mwenzake wa kikoba alikuwa amemshauri achome mbili kwa mpigo ili kuushtua mwili. Bahati nzuri hakufanya hivyo. Kujiongezea dozi maradufu bila daktari kunaweza kuleta matapishi makali, na mtu akitapika hivyo bila kunywa maji ya kutosha figo zinaweza kuumia.

Je, uzito umesimama kweli?

Swali hili linaonekana la kijinga kwa mtu aliyekaa miezi miwili akiangalia namba ileile, lakini malalamiko mengi ya uzito kugoma huishia hapa. Uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka kilo 1 hadi 2 ndani ya wiki moja kwa sababu ya chumvi, hedhi, maji, na choo kilichokaa tumboni. Semaglutaidi hufunga choo kwa watu wengi, kwa hiyo mtu anaweza kupungua mafuta nusu kilo na mizani isionyeshe chochote.

Utaratibu unaofaa ni huu. Mizani iwekwe juu ya sakafu ngumu, isiwe juu ya zulia wala mkeka, kwani mizani ya springi ikikaa kwenye kitu laini husoma uongo. Pima asubuhi tatu katika wiki, umeshakwenda choo, hujanywa chai, umevaa khanga ileile. Andika wastani wa hizo tatu. Linganisha wastani wa wiki nne na wa wiki nne zilizotangulia, na kiuno kipimwe kwa futi ya fundi cherehani mara moja kwa mwezi, usawa wa kitovu, baada ya kutoa pumzi. Wiki mbili au tatu za mizani kukaa palepale si kitu. Wiki 8 hadi 12, kiuno nacho kikiwa hakisogei, hapo uzito umesimama.

Kwa mama huyu ulikuwa umesimama. Kiuno kilikuwa sentimita 103 wiki ya 36, na 102.5 wiki ya 46.

Jambo la pili ni kujua kama umesimama kabla ya wakati wake, maana kusimama kwenyewe hakuepukiki. Katika jaribio la STEP 1, lililochapishwa mwaka 2021 likiwa na washiriki 1,961, waliotumia semaglutaidi miligramu 2.4 walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ndani ya wiki 68, na waliopewa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Mchoro wa jaribio hilo hushuka kwa kasi mwanzoni, ukapunguza mwendo, ukalala karibu na wiki ya 60. Hakuna anayeshuka milele. Ila mama wetu alisimama wiki ya 36, akiwa amepungua asilimia 11. Kwa dozi ya miligramu 1 si matokeo mabaya hata kidogo, na mtu akiishia hapo kwa sababu za kweli hana cha kulalamikia. Shaka inakuja kwenye wiki: 36 ni mapema mno.

Hesabu ambayo haikufunga

Mwili unaopungua hujitetea kwa njia mbili. Unatumia nishati kidogo kuliko zamani, kwa sababu ni mdogo na pia kwa sababu unabana matumizi. Halafu unaongeza hamu ya kula. Njia ya pili ndiyo yenye nguvu. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walikadiria kwamba kila kilo inayopungua huongeza hamu ya kula kwa takriban kalori 100 kwa siku, wakati matumizi ya mwili hushuka kalori 20 hadi 30 tu. Kwa aliyepungua kilo 11.5, hiyo ni njaa ya zaidi ya kalori 1,100 inayosukuma mlango kila siku. Dawa ndiyo inayoushikilia mlango huo usifunguke. Kwa hiyo mtu anayesema mwili umeizoea dawa kwa kawaida anaona kitu cha kweli ila anakipa jina lisilo lake: dawa inasukuma kama jana, njaa ndiyo imeongeza nguvu.

Sasa tuweke namba. Kati ya wiki ya 9 na ya 20 mama huyu alipungua kilo 6, nusu kilo kwa wiki. Tukichukua kilo moja ya mafuta ya mwilini kuwa karibu kalori 7,700, alikuwa akila pungufu ya matumizi yake kwa kalori 550 hivi kwa siku. Katikati ya kipindi hicho alikuwa na kilo 98 na kitu. Kufikia 92.5 ameshuka kilo 6 nyingine. Zidisha kwa 25, unapata kalori 150 ambazo mwili umeacha kuzitumia. Toa 150 kwenye 550. Zinabaki 400, na hizo haziwezi kuelezwa na mwili kuwa mdogo. Zimeingia kwa mdomo.

Yeye alisema, na alisema kweli kwa jinsi anavyojua, kwamba anakula kama alivyokuwa anakula mwezi wa nne.

Peni tatu na nusu

Kuuliza "unachoma kila wiki?" hakusaidii. Jibu ni ndiyo, siku zote. Kinachosaidia ni kuhesabu vitu. Muuguzi alimwomba aje na peni zote alizokwisha kutumia pamoja na maboksi yake, naye akazileta kwenye mfuko wa rambo, akazipanga mezani.

"Mama, tangu mwezi wa sita ni hizi tu?"

"Ni hizo mwanangu. Na hii ya sasa imebaki nusu."

Kuanzia wiki ya 27 hadi ya 46 ni wiki 20, siku 140. Peni ya miligramu 1 ina dozi 4. Kwa kuchoma kila wiki angemaliza peni 5. Mezani palikuwa na peni 3 tupu na moja iliyobakiza dozi 2: jumla sindano 14. Siku 140 kwa sindano 14 ni sindano moja kila siku 10. Alipoonyeshwa hesabu hakubisha. Dawa ananunua kwa pesa ya mfukoni, ada za shule zilikuwa zinakuja, na alikuwa akisubiri hadi njaa irudi ndipo achome. Kwa mwaka, mtindo huo unampunguzia peni 4: badala ya 13 ananunua 9. Mhasibu hawezi kushangazwa na hesabu hiyo, na asilaumiwe kwayo.

Mwilini ilitokea hivi. Semaglutaidi hupungua nusu kila baada ya siku 7 hivi. Ukichoma kila siku 7, baada ya wiki 4 au 5 kiwango kinatulia: muda mfupi kabla ya sindano inayofuata mwilini mna kiasi cha dozi nzima iliyobaki, na ukichoma zinakuwa dozi mbili. Ukichoma kila siku 10, kabla ya sindano inabaki takriban asilimia 59 ya dozi, na ukichoma unafika 1.6. Wastani wa wiki unakuwa miligramu 0.7. Kadi ya kliniki ilisema 1, mwili ulipokea 0.7, na siku ya nane, ya tisa na ya kumi ndizo zilizokuwa na dawa kidogo kuliko zote.

Hapa kuna jambo ambalo washauri wengi hulikwepa. Kuchoma miligramu 1 kila siku 10 si upuuzi wa kifamasia. Kwa wastani ni dawa nyingi kuliko miligramu 0.5 kila wiki, na hata kiwango cha chini kabisa kinaizidi kidogo. Si maelekezo ya mtengenezaji, na mtu asijipangie. Ubaya mkubwa ulikuwa kwamba hakuna aliyeandika. Daktari angeona kadi, angeamini miligramu 1 imeshindwa, angepandisha hadi 1.7. Mama angetoka 0.7 ya kweli kwenda 1.7, karibu mara mbili na nusu, kwa sindano moja. Mtu mwenye shida ya pesa aiseme pesa mapema. Daktari akijua anaweza kupanga dozi ndogo inayolipika kila wiki, na matokeo yapimwe kwa kile kilichochomwa.

Uchelewaji nao unaeleweka. Alianza kuvuta siku wiki ya 27, mizani ikagoma wiki ya 36. Wiki 4 au 5 dawa kushuka hadi kiwango kipya, kisha wiki kadhaa za chakula kurudi taratibu. Ndiyo maana ukimuuliza mtu umebadilisha nini mwezi uliopita anajibu hakuna. Uliza miezi mitatu nyuma.

Peni zenyewe zilikaguliwa pia. Dawa ilikuwa maji maangavu yasiyo na rangi wala ukungu, namba ya toleo kwenye peni ilifanana na ya boksi, tarehe haijapita, na zilinunuliwa famasi iliyosajiliwa, si kwa mtu wa mtandaoni. Ukaguzi huu usirukwe. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutaidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, na mwaka 2023 huko Austria watu walilazwa kwa sukari kushuka ghafla baada ya kuchoma peni bandia. Peni yenye shaka isichomwe. Irudishwe famasi na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, wajulishwe.

Utunzaji: peni isiyofunguliwa ikae friji kwa nyuzi 2 hadi 8, mbali na ule ukuta wa nyuma unaogandisha. Iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka na inaonekana salama. Inayotumika inaweza kukaa nje chini ya nyuzi 30 kwa wiki 6, lakini Moshi ya Januari na Februari huzipita nyuzi hizo mchana, kwa hiyo ibaki friji, na umeme wa LUKU usiachwe uishe usiku. Wakati wa kuchoma, ukibonyeza hadi kidirisha kisome 0, hesabu polepole hadi 6 kabla ya kuchomoa sindano. Ukichomoa mapema tone linabaki juu ya ngozi, na hilo tone ni dozi. Sindano mpya kila mara, na usiiache imefungwa kwenye peni. Mama huyu alikuwa akifanya yote vizuri.

Chai ndiyo ilirudi

Aliandika kila kilichoingia mdomoni kwa siku 7, pamoja na kilichoonjwa jikoni. Daftari la siku moja halitoshi, kwani siku ya kwanza kila mtu ni malaika.

Kwenye wiki za kichefuchefu, kati ya 9 na 20, hakuweza kuvumilia harufu ya maziwa yaliyochemshwa. Alikunywa chai ya rangi yenye tangawizi, bila sukari. Kichefuchefu kilipolegea kwa sababu dawa imepungua, chai ya maziwa ya ofisini ikarudi: vikombe viwili kwa siku, nusu maziwa nusu maji, vijiko viwili vya sukari vilivyojaa. Kikombe cha mililita 250 cha namna hiyo kina maziwa ya kalori 78 na sukari ya 48 hivi. Weka 125. Viwili ni 250. Kisha karanga za kukaanga, fungu la gramu 40 lenye kalori zaidi kidogo ya 230, mara tatu kwa wiki. Ukitandaza kwa siku saba ni 100. Tumeshafika 350. Zile 50 zilizobaki hazihitaji mpelelezi katika mji wenye vikao vya harusi kila wikendi.

Karanga zote tatu zilianguka kwenye siku ya 8, 9 na 10 baada ya sindano. Daftari lilikuwa na tarehe, peni zilikuwa na tarehe, vikakutana.

Chai inapenya kwa sababu dawa hii hufanya kazi zaidi kwenye chakula kinachojaza. Sahani ya ugali unaiacha nusu. Kikombe cha chai kinapita bila kupigiwa kura. Vivyo hivyo juisi, uji wenye sukari na soda. Chupa ya soda ya mililita 350 ina kalori 140 au 150, na hakuna aliyewahi kushiba kwa soda.

Mtori unastahili maneno yake. Watu wanaoanza sindano hizi huku Kilimanjaro hukimbilia mtori kwa sababu ni laini na haupigani na tumbo, na wengi hubaki hapo hata kichefuchefu kikiisha. Ndizi mshare zilizopondwa hazina ubaya. Shida iko kwenye siagi na kwenye nyama. Kijiko kikubwa cha siagi ni kalori 100. Sufuria inayowekewa "mpaka ing'ae" inaweza kubeba vitano. Nyama nayo, kwa kuwa inaachiwa wengine, inakuwa vipande viwili. Bakuli linakuwa wanga na mafuta. Mama huyu hakuambiwa aache mtori. Aliambiwa siagi ipimwe, kijiko kimoja kwa bakuli lake, nyama gramu 100 iliyopikwa ichambuliwe humohumo, na aile nyama kwanza kabla tumbo halijajaa.

Misuli, ambayo mizani haiioni

Daftari lilionyesha protini ya gramu 45 hivi kwa siku. Ni kidogo. Katika kikundi cha STEP 1 kilichopimwa kwa mashine ya muundo wa mwili, karibu asilimia 40 ya kilo zilizopungua hazikuwa mafuta, na ndani yake mna misuli. Mwenye misuli kidogo hutumia nishati kidogo akiwa amekaa, na akija kuongezeka tena hurudisha mafuta kuliko misuli.

Lengo liliwekwa gramu 80, baada ya kipimo cha kriatinini kuonyesha figo nzima. Mwenye ugonjwa wa figo asiige. Asubuhi mayai 2 na mtindi usio na sukari mililita 250: gramu 20. Mchana kikombe cha maharage yaliyoiva, gramu 15, na dagaa wakavu gramu 30, karibu gramu 18. Usiku nyama au kuku gramu 100 baada ya kuiva, gramu 26. Jumla 79. Dagaa wa soko la Mbuyuni ni protini ya bei rahisi, ilimradi waoshwe mchanga na wasizamishwe kwenye mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120, na dumu linalomiminwa moja kwa moja kwenye sufuria halijui kijiko.

Mazoezi ya nguvu yalikuwa siku mbili kwa wiki zisizofuatana, nyumbani: kukaa na kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika, mara 10, mizunguko 3, kujisukuma ukutani, 10 kwa 3, kunyanyua dumu la maji la lita 5 kwa kila mkono, 10 kwa 3. Ikiwa rahisi, dumu liwe la lita 10. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa kutunza uzito, lakini kutembea peke yake hakulindi misuli.

Vitu vilivyochunguzwa na kuondolewa

Homoni ya tezi ilikuwa kawaida. Mimba haikuwepo, kwa miaka 47 bado inapimwa, na mwanamke anayepanga kushika mimba huacha semaglutaidi angalau miezi 2 kabla. HbA1c ilikuwa imeshuka hadi 5.6. Dawa nyingine zilipitiwa moja moja, maana zipo zinazopandisha uzito: insulini, glibenklamidi, predinisoloni na deksamethasoni, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, amitriptilini, olanzapini, valproati, propranololi. Dolutegraviri, dawa ya VVU, pia imehusishwa na kuongezeka uzito, lakini anayeitumia asiiguse bila kliniki yake. Deksamethasoni inastahili swali la pili, kwa kuwa hununuliwa dukani kwa ajili ya mzio au maumivu ya viungo na mtu haihesabu kuwa dawa.

Kitu kimoja kilichokutwa hakikuhusu mizani. Presha yake ilikuwa 108 kwa 68, na alikuwa akisikia kizunguzungu akisimama ghafla. Mtu akipungua kilo 11 dozi ya presha ya zamani inaweza kumzidi. Daktari alishusha amlodipini hadi miligramu 5.

Mpango na jinsi ulivyokwenda

Dozi haikupandishwa. Miligramu 1 ilikuwa haijajaribiwa sawasawa tangu wiki ya 27, na haina maana kuihukumu dawa ambayo haikuchomwa. Akarudi siku 7, siku ikawa Ijumaa usiku, kwa kuwa kiwango cha dawa kwenye damu hufika kileleni siku 1 hadi 3 baada ya kuchoma, na wikendi ndiyo yenye sahani za watu. Ukihamisha siku ya kuchoma, acha angalau saa 48 kati ya sindano mbili. Ukisahau, kwa peni ya Ozempic, jina moja la kibiashara la semaglutaidi, unaruhusiwa kuchoma ndani ya siku 5. Zikipita, subiri siku yako na usichome mbili kufidia. Aliyeacha wiki kadhaa asirudi na dozi kubwa kabla ya kuongea na daktari.

Chai: kikombe kimoja cha maziwa asubuhi, sukari kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kingine kiwe cha rangi. Karanga zisikae kwenye droo ya ofisi.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya kiasi. Kichefuchefu kilirudi, Jumamosi moja akatapika baada ya kula kitimoto cha kukaanga kwenye kikao cha kipaimara. Hilo lilitarajiwa: chakula cha mafuta mengi kwenye tumbo linalochelewa kumwaga hukaa na kurudi. Alielekezwa kuacha kula anapocheua mara ya kwanza, asilale ndani ya saa mbili baada ya chakula, na vya kukaanga avipeleke siku ya tano au ya sita. Choo kilifunga siku nne. Papai, mchicha, maji lita 2 na laktulosi kwa siku tatu vikamaliza. Alipewa pia dalili za kutosubiri miadi: maumivu makali ya tumbo yanayotoka hadi mgongoni pamoja na matapishi, maumivu ya ubavu wa kulia chini ya mbavu au macho ya njano, kutapika hadi maji hayakai, na kuona kwa ghafla vibaya. Kongosho na mawe kwenye nyongo ni nadra lakini hayangojei Jumatatu.

Wiki ya 50 mizani ilisema 92.1, na hapo wengi hukata tamaa. Wiki ya 54 kilo 90.6. Wiki ya 58 kilo 89.4, kiuno sentimita 98, protini ya wastani gramu 77 kwa daftari jipya la siku 7. Amepungua asilimia 14 tangu mwanzo, na mwendo wa sasa ni karibu gramu 300 kwa wiki, ambao kwa hatua hii ndio mwendo mzuri.

Kinachofuata kimeandikwa kwenye kadi. Maadamu anashuka, dozi haiguswi. Akisimama tena wiki 8, peni zihesabiwe kwanza, daftari la siku 7 liandikwe, ndipo ijadiliwe miligramu 1.7 au kuhamia tirzepataidi, sindano nyingine ya kupunguza uzito, kuanzia miligramu 2.5. Katika jaribio la SURMOUNT-5 la mwaka 2025 waliotumia tirzepataidi walipungua asilimia 20.2 kwa wiki 72, na wa semaglutaidi 13.7, ila ulinganisho huo hauna maana kwa mtu asiyemudu kuinunua mfululizo. Kuacha ghafla kwa sababu ya pesa ndilo jambo baya zaidi kati ya yote yaliyojadiliwa: walioacha semaglutaidi baada ya STEP 1 walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopungua ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mwezi wa ada ameambiwa apige simu kabla ya peni kuisha, si baada.

Kuna Desemba pia. Atapanda Marangu kwa wiki mbili, na huko kuna ndafu na mbege. Peni inayotumika ataibeba kwenye mkoba bila barafu, kwani Marangu ni baridi ya kutosha na barafu ndiyo inayoharibu dawa kuliko safari yenyewe. Isiyofunguliwa inabaki friji ya Majengo, na mtoto anayebaki nyumbani ameachiwa namba ya mita ya umeme.